Mkia wa Jina la Esperansi

Kadija na Bosko, mlioshika duka baada yangu, funguo mnazo, na neno la siri la kompyuta ya mbele mnalijua kuliko mimi. Tangu nistaafu naamka alfajiri, naswali, najifunga kilemba, kisha nakumbuka kuwa sina pa kwenda. Nyumba iko kimya. Binti yangu yuko Bujumbura na kazi zake, mwanangu wa kiume yuko Kigoma na mke wake, na marehemu baba yao ana miaka mingi kaburini. Hata paka wa jirani ameacha kuja, nadhani ananiona nina mazungumzo mengi. Kwa hiyo naandika.

Mliniomba niwaachie maelezo ya namna ya kumchagulia mteja mkia wa jina lake la mtandaoni, kwa sababu hilo ndilo linaloleta ubishi dukani kila mara. Wateja wanasema ekstansiyo, sisi tumezoea kusema mkia: zile herufi zinazokuja baada ya nukta ya mwisho, .com, .bi, .org na wenzake. Nitawapa maelezo. Lakini siwezi kueleza mikia bila kumweleza Esperansi, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, aliyekuwa na meza nje ya mlango wetu, kwa sababu jina lake ndilo lililoniuma kuliko majina yote niliyoandikisha. Aliniuliza swali la kikazi, na jibu lake lilikuwa linaamua kama nitabaki na rafiki au nitabaki peke yangu.

Nianze mwanzo. Habari za kupandishwa cheo sina, maana katika duka la mtu mmoja hakuna cheo cha kupandia. Nilianza na mashine ya kupiga chapa, hapa hapa mbele ya soko la Rumonge, kwenye chumba ambacho baba yangu alikuwa akishonea nguo. Mashine ilikuwa nzito, na herufi R ilikuwa imekwama, lazima uipige kwa hasira ndipo iache alama. Jina la mji wetu mnajua linaanza na nini. Niliandika barua za kuomba kazi, za kuomba shamba, za kuomba msamaha kwa mke. Baadaye ikaja kompyuta, ikaja mashine ya fotokopi, ikaja intaneti, na watu wakawa wanaingia kuangalia matokeo ya mpira na kutafuta ndugu zao.

Siku moja akaingia mtengeneza sabuni za mawese, bado ana mafuta mikononi, akasema anataka siti, yaani tovuti, ya biashara yake. Nikamwambia, bila hata kupepesa macho, arudi kesho. Akitoka tu nikaanza kupiga simu kwa kila mtu ninayemjua Bujumbura, hadi mmoja akanipa namba ya Bwana Deo.

Deo alikuwa na ofisi ndogo ghorofani, katikati ya mji, na ndiye aliyenifundisha kazi. Siku niliyofika kwake mara ya kwanza nilikuwa nimevaa kama ninakwenda harusini. Hakunikaribisha hata kiti kwanza. Aliniuliza, "Mama Salima, huyo mteja wako anauzia nani?" Nikasema anauzia watu wa hapa, wa Rumonge, wa Bururi, wa Bujumbura. "Na yeye mwenyewe atakuwa wapi mwaka kesho, na mwaka wa pili yake?" Nikacheka. Nikamwambia mtu mwenye mitambo ya sabuni na michikichi ya mawese atakwenda wapi? Hapo ndipo akaniambia nikae.

Akanieleza hivi, na mimi nawaeleza vilevile. Jina la mtandaoni hulinunui, unapanga, kama chumba. Kila mwaka unalipa, na usipolipa mwenye nyumba anampa mwingine. Kila mkia una mwenye nyumba wake. .bi ni ya nchi yetu, na mwenye nyumba yuko Bujumbura, unaweza kupanda gari ukaenda ukabisha mlango. .com ni ya dunia nzima, haina mlango wowote wa kubisha, ina kadi ya benki tu. Na sisi huku pwani ya ziwa, wakati ule, nani alikuwa na kadi ya benki? Deo alikuwa nayo moja, akawa analipia nusu ya Burundi. Ndiyo maana mtengeneza sabuni nilimpa .bi, na mpaka leo yupo nayo, na mpaka leo anaacha alama za mafuta kwenye kinanda changu. Chenu, samahani.

Kwa hiyo mteja akiingia msimuulize anapenda mkia gani. Atawatajia .com, kwa sababu ndiyo aliyoiona kwenye fulana. Muulizeni maswali mawili ya Deo: unauzia nani, na wewe mwenyewe utakuwa wapi. La kwanza kila mtu analijibu haraka. La pili ndilo linalofanya watu waangalie chini.

Na mkia unamwambia mgeni aje wapi, msisahau hilo. Kule Kabonga, karibu na mpaka, mzee mmoja alikuwa na nyumba ya wageni, vyumba safi, samaki mukeke wa kuchoma usiku na mchana. Wageni wake wengi walitoka Kigoma, kwa hiyo akamwomba shemeji yake aliye kule amchukulie mkia wa Tanzania, ili waone ni mtu wao. Mimi nilimwambia hapana. Alinijibu kuwa mimi ni mwanamke wa kuandika barua, yeye ni mfanyabiashara. Basi wakapatikana bwana na bibi harusi kutoka Kigoma, wamelipia chumba, wamekuja na masanduku na keki, wakafika mpakani hawana karatasi yoyote ya kuvuka kwa sababu walidhani nyumba iko upande wao. Mzee alivuka yeye mwenyewe kwenda kuwaomba radhi, na nasikia keki waliila pale pale barabarani pamoja na askari. Wiki iliyofuata alikuwa dukani kwangu. "Mama Salima, tuseme tu ile pwen bi," akasema, yaani nukta bi kwa Kifaransa chake, na mimi nilimsogezea kiti.

Pasta mmoja alikataa .org, mkia wa mashirika yasiyofanya biashara, nilipompendekezea. "Hiyo ni ya ba-asosiyasiyo, banaomba-omba," akasema. "Sisi Mungu ndiye anatupatia." Akachukua .com. Haikupita muda waumini wakaanza kumuuliza kanisa linauza nini.

Na wavuvi. Mwenyekiti wa chama chao alikuja na sharti moja, kwamba tarehe ya kulipia jina iwekwe kwenye giza. Mnajua mambo yao: mwezi ukiwa mkubwa taa za mitumbwi hazivuti samaki, wanakaa nchi kavu kushona nyavu, hata chai wanakopa. Mwezi ukizama, ndagala zinatoka, na kila mtu ana kitu mfukoni. "Andika giza," akaniambia. Kalenda ya Deo haikuwa na mahali pa kuandika giza. Lakini mimi ninafunga Ramadhani, najua mwezi hautulii, kila mwaka unarudi nyuma kidogo, na giza la mwaka huu mwakani linaweza kuangukia mbalamwezi. Nikamchorea kwenye karatasi. Aliitazama sana, kisha akasema, "Basi tulipe sasa hivi ya miaka mingi, wakati iko giza." Ndivyo nilivyojifunza kuwaambia watu wa ziwa walipe mbele, na nyinyi mfanye hivyo.

Mikia ya bure nisiizungumzie sana. Ipo ya visiwa vya mbali, inagawiwa bila malipo, na siku moja unaamka jina limekwenda na hakuna wa kumlilia. Vijana wataitaka. Wapeni chai, wasubiri hamu iishe.

Sasa Esperansi.

Alikuja kutoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Fizi, Kongo, wakati wa vita, na binti wawili wadogo na sufuria. Mumewe alibaki kule, chini ya ardhi. Akaanza kuuza ndagala kwa kikombe, hadi akapata meza hapa nje ya mlango wangu, na kutoka siku hiyo duka langu lilinuka samaki na mimi nikawa na mtu wa kuongea naye. Nilikuwa nimeshafiwa na mume. Watoto walikuwa shule. Sijui ningepitaje miaka ile bila yeye. Alikuwa akichaji simu yake kwangu, mimi nikinywa chai yake, na hatukuwahi kuulizana nani anamdai nani. Aliniita yaya, yaani dada mkubwa, ingawa tulikuwa rika moja. Alisema mtu mwenye miwani lazima ni mkubwa.

"Yaya, weye unaongea na mashine kuliko na batu," alikuwa akinitania.

"Na wewe ndagala zako zimeingia hadi kwenye herufi. Nikipiga R inatoka na mfupa."

"Batakula hiyo barua."

Ndagala zake hazikuwa na mchanga. Hilo ndilo lililomtoa kimaisha. Wengine walianika chini, yeye alianika juu ya vichanja, na Wakongomani waliokwenda kuishi Kanada, Australia, Amerika, walikuwa wanamtumia watu: tunaomba zile za Esperansi, zisizokwaruza meno. Akawa anafunga pakiti, wasafiri wanabeba. Simu yake ilikuwa haitulii, majina na maagizo yanapotelea kwenye ujumbe. Ndipo akasema anataka siti kama mtengeneza sabuni.

Kabla sijaendelea nieleze jambo moja la soko letu. Nyinyi mnalijua, lakini huenda haya yakasomwa na mtu wa mbali. Muuzaji akitoka, awe anakwenda kuswali, kliniki au msibani, haondoi vitu vyake. Anavifunika kwa kitenge, anaweka mawe kwenye pembe, anamwambia jirani, "Unichungie." Basi. Kitenge kikiwa juu ya meza hakuna anayeigusa meza hiyo. Mteja akija akiuliza, jirani anajibu, "Yupo, ametoka kidogo." Hata kama mwenyewe yuko kwenye matanga Uvira wiki nzima, jibu ni hilo. Yupo. Kitenge kikiondolewa na meza ikabaki tupu, hapo ndipo watu wanajua amekwenda kabisa.

Mimi na Esperansi tulichungiana hivyo miaka yote. Nimeuza ndagala nikiwa na miwani ya kompyuta usoni, na yeye amepiga fotokopi za vitambulisho kwa mikono yenye magamba ya samaki. Wateja walilalamika, tukawaambia wanuse vizuri.

Basi kuhusu mkia tulibishana majuma mengi. Yeye alitaka .cd, mkia wa Kongo.

"Bateja bangu ni Bakongomani," akasema. "Bakiona pwen se-de banajua ni mama yao."

"Mwenye nyumba wa mkia huo yuko Kinshasa," nikamwambia. "Wewe umewahi kufika Kinshasa?"

"Yeee! Kinshasa nitafanya nini kule?"

"Basi jina likipotea utambishia nani mlango? Chukua .bi. Uko hapa, vichanja viko hapa, ndagala ni za hapa. Nikipanda gari asubuhi, jioni nimemaliza."

Alikunja pakiti moja. Halafu akasema, "Yaya, nikiandika pwen bi, ni kama nimesema sitarudi kwetu tena." Nilikuwa nimemuuliza maswali ya Deo bila kujua, na la pili lilikuwa limemfikia.

Tukaliacha hivyo. Alikuwa ameandikishwa kwa safari zamani, yeye na binti zake, ile safari ya wakimbizi ya kwenda kukaa nchi za mbali ambayo watu wanaitwa, wanahojiwa, kisha wanasubiri mpaka wanasahau. Wengi hawaitwi kamwe. Mimi nilikuwa nimeshajiaminisha kuwa na wao hawataitwa. Nasema wazi: nilikuwa naomba wasiitwe, na niliona aibu kuomba hivyo, na niliendelea.

Wakaitwa. Kanada. Binti mkubwa tayari alikuwa na mimba, na mumewe alikuwa kwenye karatasi pamoja nao. Furaha ilijaa nyumbani kwao hadi barabarani. Siku iliyofuata Esperansi alikuja dukani, akafunga mlango nyuma yake, kitu ambacho hakuwahi kufanya, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Yaya, ile mukia. Nichukue gani?"

"Leo ndiyo unauliza mkia?"

"Leo njo ninauliza." Alikuwa ameshika pindo la kitenge chake, analizungushia kidole. "Batoto baende. Mi naweza kukatala, banasema mtu anaweza kukatala. Mi nabakia na ndagala yangu, nabakia na weye. Weye njo unajua hii mambo. Ukiniambia pwen bi, nachukua pwen bi. Ukiniambia ingine, nachukua ile ingine."

Alikuwa haniulizi juu ya tovuti. Tulijua sote wawili. Amenikabidhi mimi, mtu wa mwisho duniani aliyefaa kukabidhiwa jambo hilo, kwa sababu kama kuna mtu alitaka abaki, ni mimi. Kwenye skrini mbele yangu .bi ilikuwa wazi, imeshaangaliwa, inangoja kubonyezwa tu. Na sababu zote za kikazi nilikuwa nazo, nilikuwa nimezisema majuma mazima: mlango wa kubisha, vichanja, samaki wa hapa. Hakuna ambaye angeniona nimekosea. Hata Deo angekubali.

Lakini Deo alikuwa na swali la pili. Nikavua miwani, maana sikutaka kumwona vizuri.

"Mjukuu atazaliwa wapi?" nikamuuliza.

"Kule."

"Nani atamkanda binti yako mgongo? Nani atamwogesha mtoto?"

Aliliachia pindo la kitenge.

"Basi huwezi kuchukua mkia ambao mlango wake uko Bujumbura. Wewe utakuwa Kanada. Kule utapewa kadi ya benki, utalipia mwenyewe, hutanihitaji mimi wala gari la Bujumbura. Chukua .com. Utaibeba popote."

Nje mtu alikuwa anabisha, anataka fotokopi, tukamwacha abishe. Mwishowe akasema, "Murakoze," asante ya Kirundi, kana kwamba mimi ni ofisi. Akafungua mlango akarudi kwenye meza yake. Mimi nilimaliza kuandikisha ile .com, nikakosea herufi mara mbili na nikarekebisha. Nilimtengenezea siti nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Vichanja, pakiti, ziwa nyuma, na yeye mwenyewe anacheka. Kisha nikamwandikia neno la siri ili awe nalo yeye, na mimi nikajitoa. Hivyo ndivyo inavyotakiwa: jina liwe mikononi mwa mwenye jina, si mikononi mwa aliyeliandikisha. Hata kama mkono wako hautaki kuachia.

Asubuhi ya kuondoka alikuja sokoni kama siku zote. Binti zake walikuwa tayari kwenye gari na masanduku. Nilidhani anakuja kuwagawia wenzake zile ndagala zilizobaki. Hapana. Alitandika kitenge chake juu ya meza, kile cha rangi ya manjano chenye ndege, akaweka mawe kwenye pembe zote, akaniangalia.

"Yaya, unichungie."

"Nenda," nikasema. "Nipo."

Ndivyo tulivyoagana. Hatukushikana hata mkono. Mtu anayetoka kidogo hashikwi mkono.

Nilichunga. Wateja walikuja: Mama Esperansi yuko wapi? Yupo, ametoka kidogo. Wenzake wa sokoni walijua yuko Kanada, na bado walijibu vilevile, na hakuna aliyecheka. Mvua zilipiga kile kitenge, nikakifua, nikakirudisha. Vumbi, nikakipangusa. Niliacha kunywa chai saa ile tuliyozoea, nikahamisha kiti changu kikatazama ukutani, kwa sababu kila nikiinua macho mlangoni nilikuwa naona meza iliyofunikwa na kujisahau, namsubiri.

Kisha soko likapangwa upya. Walikuja watu wa soko, wenye adabu, wakaniambia, "Mama Salima, tunaheshimu, lakini hii nafasi iko na miaka haifanyi kazi. Watu wanangoja." Walikuwa na haki. Walinipa muda, na muda ukaisha. Nikaondoa mawe, nikakunja kitenge. Sasa pale anauza kijana makava ya simu, kijana mzuri, alikuwa ananiamkia kila siku, na kila siku nilikuwa namjibu kwa shida kidogo.

Nilimpigia Esperansi nimwambie mwenyewe kabla hajasikia kwa wengine. Sauti za watoto zilikuwa nyuma yake, wanaongea Kifaransa cha kule ambacho hata mimi nakipata nusu. Biashara yake inakwenda. Anapokea mizigo, anauza kwa Wakongomani wa mji wake wa baridi, na siti ya .com inamletea wateja kutoka miji ambayo hawezi kutamka. Kazi niliifanya vizuri. Nilipomaliza kumweleza habari ya meza aliwaambia watoto wapunguze sauti.

"Kwa hiyo sasa banasema siyuko," akasema.

"Wanasema umekwenda, mdogo wangu."

"Ile pwen bi ingali wazi?"

Nikaangalia. Ilikuwa wazi, hakuna aliyeichukua. Nikamwambia. Akasema, "Unichukulie."

Mimi nikaanza kazi, ulimi ulijiongoza wenyewe. Nikamwambia haihitaji. Nikamwambia wateja wake wanapita kwa .com, kwamba jina la pili bila biashara ni kulipia chumba kitupu, kwamba mkia huu unataka mtu wa kuufuatilia Bujumbura kila mwaka na yeye yuko mbali.

"Yaya," akanikatiza, "nimekuomba mukia, sikukuomba shauri. Kile kitenge iko wapi?"

"Ninacho."

"Utandike mahali, upige picha. Uweke ile picha tu. Na uandike yale maneno."

Nilitandika kitenge juu ya meza yangu ya kulia chakula, kwa kuwa meza nyingine sina. Mawe niliyaokota uani. Nikapiga picha. Mkifungua ile siti mtaiona: kitambaa cha manjano chenye ndege, mawe pembeni, na chini yake maneno, Yupo, ametoka kidogo. Hakuna namba ya simu, hakuna bei, hakuna kitufe cha kubonyeza. Kwa kanuni zote nilizowafundisha ni siti mbaya.

Deo sasa ni marehemu, Mungu amrehemu. Ofisini kwake anakaa binti mmoja mwenye heshima, nyuma ya kioo. Bosko ameniambia mara nyingi kuwa siku hizi .bi inalipiwa kwa simu, nikiwa nimekaa kitandani. Najua, Bosko. Mimi naamka mapema natafuta gari, na kwa shida hii ya mafuta huwa linapatikana kwa bahati. Nakaa upande wa ziwa. Tukipita Gitaza naangalia ndagala zilizoanikwa kando ya barabara na kutafuta zile zilizo juu ya vichanja. Tukifika Kabezi napiga simu kumwambia binti yangu nitapita kumsalimia, na yeye anasema yuko kazini, tuonane jioni, na mimi nasema sawa, ingawa jioni huwa nimeshageuka. Halafu ghorofani, kwenye kioo.

Mara ya mwisho yule binti wa kwenye kioo alitazama jina, akatazama siti yake, akaniuliza kwa upole, "Mama, hii biashara inafanya kazi kweli? Naona mwenyewe hayupo."

"Yupo," nikamwambia. "Ametoka kidogo."

Akapiga muhuri.

Kadija, wiki yangu ya mwisho dukani uliniuliza kwa nini tunaendelea kulipia tovuti isiyo na wageni. Uliangalia vibaya. Ina wageni. Kuna mmoja anaingia kutoka mji wa baridi, Jumapili, saa ambazo kule watu wametoka kanisani. Na kuna mwingine anaingia kutoka hapa Rumonge, siku zozote, zaidi tangu nistaafu. Wengine hakuna.

Kwa hiyo majina yote nimewaachia: la mtengeneza sabuni, la mzee wa Kabonga, la pasta, la wavuvi mlipie wakati wa giza. Hilo moja siwaachii, naliendea mwenyewe. Siku nitakaposhindwa kupanda gari, mmoja wenu aende badala yangu, na asilipie kwa simu. Na mtu akisimama mlangoni akamuulizia Esperansi, au siku hiyo akaniulizia mimi, jibu mnalijua.